Keki ya Baba Mkwe

Mwaka mzima Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi tu. Mzee Alinanuswe hakuwa mgonjwa. Alikohoa kwa makusudi, mara mbili, kila alipokaribia kona ya nyumba au njia ya migombani, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupisha. Naye Tusekile akisikia kikohozi kile, awe ameshika nini, hujitosa kwenye migomba na kugeuza uso mpaka hatua zipite.

Ndivyo walivyolelewa Wanyakyusa wa zamani. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, hawazungumzi ana kwa ana. Siku hizi wengi wameacha. Jumapili nje ya kanisa utawaona wakwe wanashikana mikono na kupiga picha. Lakini Mzee Alinanuswe, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa na jibu lake: "Wokovu ulinitoa kwenye pombe. Haukunitoa kwenye adabu."

Tusekile hakuona taabu kubwa. Yeye na mumewe Lugano walipanga Bulyaga, mjini Tukuyu, vyumba viwili na varanda, na wazee walikuwa kwao Masoko, kwenye kahawa na ndizi zao. Mara moja kwa mwezi walikwenda kuwasalimu, na mara moja kwa mwezi alijitosa migombani. Safari moja alijitosa na trei ya mayai kichwani. Yalipona matatu. Lugano alicheka mpaka akakaa chini, na sauti ya mzee ikatoka upande wa pili wa migomba, ikiuliza hewani, "Kuna mtu ameumia huko?"

"Hapana, Baba," Lugano akajibu. "Ni vifaranga tu, na wenyewe walikuwa hawajazaliwa."

Lugano alikuwa seremala, Tusekile fundi cherehani. Wakifunga kazi saa kumi na moja, mvua ya Tukuyu imeshafika nyumbani kabla yao, na jioni inakuwa ndefu. Miezi ya kwanza kila mmoja aliimaliza na simu yake, mpaka siku Tusekile alipomtumia mumewe ujumbe wa "chakula tayari" naye amekaa kiti cha pili. Lugano akausoma, akamtazama mkewe, akaweka simu mezani.

"Mke wangu, tukiendelea hivi tutasalimiana kwa vocha. Tutafute kitu cha kufanya wote wawili."

Walianza na bao. Tusekile alimfunga siku tatu mfululizo, na siku ya nne bao likaonekana juu ya kabati. "Limepata unyevu," Lugano alisema. "Linakauka." Halijakauka mpaka leo. Wakajiunga na kwaya ya wanandoa. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza Lugano mazoezi mawili, kisha akamwuliza kwa upole kama angependa kusaidia kupanga viti.

Ndipo ikaja keki. Walipotimiza mwaka mmoja wa ndoa, mteja mmoja wa Tusekile, Safina wa mtaa wa Msasani, hapo hapo Tukuyu, aliwaletea keki ya iliki katika hotipoti. Babu zake Safina walitoka pwani, na yeye hupikia harusi nusu ya mji. Lugano alikula vipande vitano, kisha akauliza zinauzwa wapi.

"Kununua kwa nini, na mikono mnayo?" Safina akasema. "Njooni Jumamosi, nyote wawili. Shemeji, na wewe usije kukaa sebuleni ukasubiri chai."

Akawafundisha kuoka kwa mkaa: mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, chombo cha keki ndani, moto kidogo chini, moto mwingi juu ya mfuniko. Keki yao ya kwanza ilikuwa ngumu kiasi kwamba Lugano aliichukulia randa kutoka karakana, na Tusekile hakujua kama acheke au alie, akafanya vyote. Ya pili ilikuwa imeiva pembeni na katikati ni uji. Ya tatu, jamani, ilipanda. Ilipanda ikapasuka juu kama shamba lililopata mvua, na harufu ya iliki ikawatoa majirani nje.

Tangu hapo hawakushikika. Lugano alipima unga na penseli sikioni, akichora alama pembeni ya bakuli kama anapima fremu ya dirisha. Tusekile alipiga mayai. Kabla ya kufunua mfuniko walisimama, Tusekile akasema, "Bwana, umeuona moto wetu na mkono wetu, malizia wewe," na Lugano akaitikia, "Amina, funua." Waliweka ndizi mbivu, wakaweka maganda ya limao, wakajaribu hata parachichi, na hiyo ya parachichi walimpa mbwa wa jirani, naye akafikiri kwanza.

Mwezi wa saba watoto wa Mzee Alinanuswe wakakubaliana: Baba na Mama wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, pafanyike ibada ya shukrani na chakula nyumbani Masoko. Lilian, dada mkubwa wa Lugano, alichukua turubai, viti na ng'ombe. Lugano akainua mkono kwenye kikao na kusema yeye na mkewe watachukua keki, ya ngazi tatu, na ratiba pia.

"Ratiba unaijulia wapi?" Tusekile alimwuliza wakiwa njiani.

"Ninayo ya harusi ya rafiki yangu. Nabadilisha majina tu."

Alhamisi jioni, siku tatu kabla ya shughuli, Lugano akarudi kutoka kwa mchapishaji na bahasha kifuani chini ya koti isilowe. Tusekile alifuta mikono, akachukua karatasi moja, akasoma akitabasamu. Ibada. Nyimbo. Neno la mchungaji. Chakula. Alipofika saa tisa na nusu tabasamu likaondoka.

"Lugano."

"Naam."

"Hapa pameandikwa, 'Waliooka keki watawalisha wazee.' Waliooka keki ni akina nani?"

"Si sisi?" Alisema kwa fahari kabisa.

"Sisi nani?"

"Mimi na we..." Likamkwama hapo. Akakaa.

"Umeniandika nimlishe baba yako. Kinywani. Mbele ya kanisa zima."

"Tuse, nilisahau kwamba wewe ni mkwe."

"Mwaka mzima nakimbilia migombani na wewe unanishikia viatu, leo unasahau?"

"Sasa nifanyeje? Nikiandika 'sisi' naona mtu mmoja. Kichwa hakikugawanya."

Tusekile alikuwa na hasira nzuri ameiandaa, na jibu lile likaiharibu. Alitaka kumfinya, akaishia kumvutia kiti karibu. Akasema hakuna neno, karatasi zichapwe upya.

Lugano akakuna kichwa. Karatasi ishirini zilikuwa tayari zimekwenda Masoko na Yohane, mwanakwaya atakayesherehesha siku hiyo. Wakampigia simu mama mkwe, Mama Ikupa, wakaweka sauti ya juu. Akawasalimu, akauliza habari za mvua, akauliza habari za mkaa, halafu akasikiliza.

"Kha! Hiyo karatasi? Ameshaisoma," alisema. "Ameisoma mara mbili, na miwani."

"Amesemaje, Mama?" Tusekile akauliza.

"Ameikunja akaiweka kwenye Biblia."

"Basi mwambie tunairekebisha. Nitakulisha wewe peke yako, na Lugano atamlisha Baba."

"Subiri." Wakasikia kandambili zinakwenda, mlango, manung'uniko ya Kinyakyusa kwa mbali, kandambili zinarudi. "Anasema ratiba isiguswe. Hata nukta."

Simu ikakatika, na wale wawili wakabaki wakitazama jiko la mkaa kama vile ndilo lililosema.

Tusekile hakuonja chakula jioni ile. Akimlisha mzee, amemvunjia heshima mbele ya washirika wote, na wamama wa Masoko watasema binti yule wa mjini hana haya. Asipomlisha, amekataa neno la mzee siku ya shukrani yake ya miaka arobaini. Vyovyote afanyavyo, angebaki na jina, na jina likishaingia Masoko halitoki kwa sabuni. Na mzee mwenyewe alikuwa anataka nini? Kumpima? Kumrudi Lugano kwa uzembe wake? Aliomba mpaka usingizi ukamchukua, na alichoomba kilikuwa kifupi: asimwaibishe mzee yule asiyemjua hata sura.

Asubuhi Lugano alikuwa karakana mapema kuliko kawaida. Saa nne akarudi na kitu begani kama mvuvi wa ziwani: kijiko cha mbao laini ya paini, kimepigwa msasa kikang'aa, mkono wake mita moja na nusu.

"Fundi kitu kisipofika haachi kazi," alisema. "Anaongeza mbao. Hutamgusa, hutampa mkononi, na ukija kwa nyuma hutamwona uso. Adabu imetimia, na ratiba haikuguswa."

"Utanifanya kichekesho."

"Kaa tujaribu kwanza."

Lugano akakaa kwenye kigoda katikati ya chumba, kisogo kwa mkewe, akafungua kinywa. Tusekile akasimama karibu na mlango, akachota kipande cha keki ya majaribio, akanyoosha. Kipande cha kwanza kiliingia sikioni. Cha pili kilimpiga puani. Cha tatu kikamwendea kolani, kikashuka mgongoni mpaka chini, na Lugano akaruka kama aliyeng'atwa na siafu.

"Kulia! Nimesema kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?"

"Nimekupa kisogo, mke wangu, kulia ni kule kule!"

"Basi fungua kinywa vizuri, unakifungua kama unaimba!"

"Ungesikia nikiimba ungeshukuru hiki."

Walicheka mpaka Tusekile akaegemea mlango na kijiko kikamponyoka. Lakini alikiokota, akajaribu tena, na tena. Kufika saa sita alikuwa anaweza vipande vinne kwa kumi. Lugano alikuwa ameshiba, nywele zimejaa makombo, na alisema vinne kwa kumi inatosha, timu zimepanda daraja kwa chini ya hapo.

Jumamosi Twalib, mume wa Safina, aliwapeleka Masoko kwa kirikuu, kigari chake cha mizigo, mwendo wa maandamano ya mazishi, keki imekaa kwenye magodoro mawili nyuma na Safina ameikumbatia kwa mikono miwili. Kila shimo Safina aligonga kwa kiwiko kioo cha nyuma ya dereva akisema, "Twalib, umebeba bibi harusi!" Ilifika nzima, imepoteza ua moja la sukari tu.

Mzee hakuwepo. Aliposikia gari alikohoa na kwenda zake kwa jirani, kwa mlango wa nyuma. Lugano na Twalib wakaenda kufunga turubai. Tusekile akabaki jikoni na mama mkwe, wakimenya ndizi za mbalaga ya kesho, zile zinazopikwa na nyama, beseni katikati yao.

"Mama," Tusekile akasema bila kuinua macho, "nikikosea kesho unisamehe mapema."

Mama Ikupa alivuta ndizi nyingine kutoka kwenye beseni.

"Mimi nimeishi na baba mkwe wangu miaka kumi na minne nyumba hii hii. Yule aliyekuwa akikaa chumba cha mwisho. Nilipika chakula chake kila siku, mtoto akampelekea. Nilifua shuka zake. Sura yake sikuijua. Siku aliyokufa watu wote walikuwa shambani kwenye kahawa, nimebaki mimi na mimba ya Lugano. Nikamsikia anaita. Anaita maji. Anaita majina ya watoto wake mmoja mmoja, hakuna anayeitika. Jina langu hakuita, ndiyo adabu ilivyokuwa. Nikachota kikombe, nikaenda mpaka mlangoni. Nikasimama pale, Tusekile. Nikakiweka kizingitini, nikarudi jikoni, nikakimbia shambani kuita mtu. Tuliporudi kikombe kilikuwa pale pale, kimejaa."

Nje nyundo ya Lugano iligonga kigingi. Mama Ikupa akafuta kisu kwenye kitenge chake.

"Hakuna aliyenilaumu. Walinisifu. Binti ana adabu, hata kwenye kifo. Mume wangu hajawahi kuniuliza lolote, na mimi sikuwahi kumwambia. Nimemwambia mwaka huu, mwezi wa tatu, baada ya miaka yote. Hakusema kitu. Unamjua."

"Simjui, Mama," Tusekile akasema.

"Ndiyo hivyo. Basi hata mimi sijui kesho ana nini moyoni. Menya, menya, ndizi zinageuka rangi."

Tusekile akamenya. Alimenya beseni zima bila kuona anachomenya.

Jumapili ibada ilikwenda vizuri. Mchungaji alifupisha, Mungu ambariki, maana wingu lilikuwa limeinama juu ya mlima Rungwe tangu asubuhi. Mara tu watu walipofika nyumbani mvua ikashuka, wakajazana chini ya turubai: wazee mbele kwenye viti, wamama wa kanisa na vitenge vyao vya sare upande wa kushoto, vijana pembeni wakikinga maji na migongo. Walikula. Mbalaga iliyopikwa kwa nyama ilisifiwa, maziwa ya mgando yalisifiwa, ng'ombe wa Lilian alisifiwa kama ndugu wa familia. Mzee Alinanuswe alikaa mbele kabisa karibu na mkewe, suti ya kahawia, kofia juu ya goti. Tusekile alikuwa nyuma ya watu wote, karibu na nguzo, kitenge kimemfunika kichwa, na alichokiona ni mgongo wa koti lile tu.

Saa tisa na nusu Yohane akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, keki mnaiona, msiimeze kwa macho. Sasa ratiba inasema, waliooka keki watawalisha wazee wetu. Waliooka naambiwa ni Lugano na..." Akaisoma karatasi tena. Sauti ikapungua. "Na mkewe."

Wamama wa sare wakanyamaza wote kwa mara moja, jambo ambalo si la kawaida. Kisha mmoja akasema chini chini, lakini si chini sana, "Kumbe! Mkwe huyu huyu?" Mwingine akajibu, "Mjini huko hawaogopi kitu."

Lugano alikwenda kwanza. Alimlisha mama yake kipande, wakashangilia. Akageuka akamtafuta mkewe kwa macho, akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya wanapotaka kufunua mfuniko.

Tusekile akatoa kile kijiko nyuma ya nguzo. Kicheko kilianza upande wa vijana, kikasita kilipoona hakuna mkubwa anayecheka. Alizunguka kwa nyuma, kando ya turubai ambako maji yalikuwa yanadondoka, mpaka akafika hatua mbili nyuma ya kiti cha mzee. Akapiga magoti mawili kwenye nyasi zilizolowa. Safina, aliyesimama mezani, akamwekea kipande kwenye kijiko, cha ngazi ya juu, chenye iliki.

Akasema moyoni, Bwana, malizia wewe.

Mzee Alinanuswe hakugeuka. Alichukua kofia yake gotini, akaivaa, akaivuta chini mpaka ikamfunika macho na kukaa juu ya pua. Halafu yule mzee wa kanisa wa miaka ishirini na miwili, mbele ya mchungaji na washirika na wageni kutoka Dar es Salaam, akafungua kinywa na kungoja, kama kinda la ndege.

Kijiko kikapita juu ya bega. Kikafika karibu na shavu. Kikatetemeka. Keki ikaanguka kwenye tai, ikashuka kwenye paja.

Tusekile alifumba macho. Ndiyo hiyo, alijiambia, jina nimeshalipata.

Mkono wa mzee ukapapasa paja, ukaliona lile pande, ukalipeleka kinywani. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Akameza.

"Mwambieni mwenye kijiko," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akiiambia migomba iliyokuwa mbele yake, "mkono wake unatetemeka. Arudie."

Yohane akapata uhai. "Mwenye kijiko! Umesikia?"

Tusekile alisikia. Yalikuwa maneno ya kwanza ambayo mzee yule aliyatuma kwake tangu aolewe. Akafungua kinywa kusema "ndiyo", na jambo jingine likatoka.

"Mwambieni Baba ainue kidevu kidogo."

Wamama wa sare wakashika vifua. Yohane akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama keki. Na kidevu cha Mzee Alinanuswe kikainuka, polepole, kama kwa kinyozi.

Mara hii kijiko kilikwenda sawasawa. Keki ikaingia. Kinywa kikafunga. Mama Ikupa ndiye aliyeanza vigelegele, peke yake kwanza, sauti nyembamba ya kupasuka. Halafu wakamfuata wote, na vijana wakapiga meza.

"Mwambieni kuna iliki," mzee akasema alipomaliza.

"Mwambieni Baba ndiyo, ipo."

"Mwambieni tena."

Akampa tena. Akameza, akaanza kufungua kinywa mara ya nne, ndipo mkewe akampiga kofi la paja. "Mzee, acha uroho! Nami ni miaka yangu arobaini pia. Nimekula kipande kimoja!"

Hapo watu walicheka mpaka turubai likamwaga maji. Lakini Tusekile bado alikuwa na sikio upande wa kushoto, kwa wale wamama, maana huko ndiko majina hutengenezwa. Akasikia Bibi Esnath, mkubwa wao wote, asiye na jino lakini mwenye neno, akiwaambia wenzake:

"Amemwona uso? Hajamwona. Amemgusa? Hajamgusa. Sasa mnanong'ona nini? Huyu binti amemlisha mkwewe na adabu imebaki nzima. Mimi ningejua kuna kijiko kama hicho ningemlisha wa kwangu, maskini, alipenda sana viazi." Akanyoosha shingo. "We mwenye kijiko! Kikimaliza kazi huko lete na huku, mimi siinuki."

Tusekile akainuka, kitenge kimemlowa magotini. Akamtazama Mama Ikupa. Mama mkwe hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwenye goti, hadharani, jambo ambalo Masoko hawakuwahi kuliona kwake, na alikuwa anatazama kile kijiko kilichobaki kitupu. Mzee, kofia bado puani, akasema neno moja kwa Kinyakyusa, si kwa mkewe, kwa mwenye kijiko, na safari hii hakusema "mwambieni".

"Ndaga."

Asante. Tusekile akaitikia kwa kuinama, ingawa mzee hakuwa na jinsi ya kuona.

Jua lilitoka kidogo kabla ya kuzama. Wageni wakaaga, mzee akaenda kuwasindikiza akikohoa njia nzima, na Safina na Twalib wakakaa kwenye kirikuu wakisubiri watu wao. Lugano na Tusekile walikuwa nyuma ya jiko, wamekaa kwenye gogo moja, sufuria ya mbalaga iliyobaki katikati yao, wanakula kwa vidole.

"Nimefikiria," Lugano akasema kinywa kimejaa. "Krismasi tuoke mikate."

"Krismasi upange viti." Akanyamaza, akamwangalia kwa upande. "Unajua bado simjui sura."

"Baba? Anafanana na mimi, ila amevaa vizuri."

"Sura sijaiona. Lakini nimekiona kisogo, nimekaa nyuma yake karibu kuliko wewe. Masikio yake yanacheza akitafuna. Hivi, juu, chini. Keki ilipoingia yalicheza sana."

"Masikio gani yanacheza? Acha uongo."

"Tafuna."

"Sitafuni."

"Tafuna, Lugano."

Alijizuia muda kidogo, mashavu yamevimba, akimtazama mkewe kwa ukali wa kujitia. Ndizi ni ndizi, akashindwa, akatafuna. Tusekile akaweka vidole viwili nyuma ya sikio la mumewe, akalisikia linacheza, akacheka mpaka Mama Ikupa akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini.